Mia Kasoro Hassan

Mwanangu Mwadime,

Mama yako amemaliza kila kitu. Amekuambia kuhusu soksi, kuhusu sala, kuhusu maji ya huko ng'ambo na watu wa huko, na kuhusu wasichana sijui amesema nini maana hapo nilitoka nje. Kwa hiyo mimi sina la kukuagiza. Ningekuwa na akili ningelala. Lakini tangu magharibi kiti kinaniwasha. Nimekaa, nimeinuka, nimezunguka tangi la maji, nimeitazama tikiti yako ya basi kana kwamba saa ya kuondoka itabadilika nikiikazia macho. Sasa naandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji, na friji yenyewe inatetemeka, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda usidhani nalia.

Wewe umelala uani kwenye mkeka kama watu wote wa mtaa huu wa Iftin katika joto hili. Au unajifanya umelala. Tangu Jumamosi umekuwa mtu wa kujifanya, na mimi vilevile. Tunapishana mlangoni, nakuuliza kama umeshakula, unanijibu "sawa, baba." Nakuuliza kama pasi ya kusafiria iko mahali salama, "sawa, baba." Mtoto aliyekuwa akinibishia mpaka bei ya nyanya leo hana neno jingine.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Moja ni hii. Nyingine ni ile ya msimu, yenye hesabu za wachezaji wote, ambayo kocha wa Nairobi amekuomba umpelekee kesho kabla hajakufikisha uwanja wa ndege. Ile ya msimu nimeiandika upya jioni hii. Nataka ujue kwa nini kabla hujaifungua, na nimechagua kuandika kwa sababu mdomo wangu unaujua. Ukianza kuomba radhi unageuka kuwa mkutano wa chifu.

Turudi Jumamosi. Nitaisimulia kama ninayemsimulia mtu asiyejua besiboli, kwa sababu nataka uione kutoka pale nilipokuwa nimekaa mimi, si pale ulipokuwa umesimama na rungu.

Mchezo wa mwisho wa msimu, na mchezo wako wa mwisho katika mji huu. Watu wamejaa kuliko siku zote. Hata akina mama wa maziwa wamesimama na madumu yao pembeni. Mimi niko mahali pangu, mbele ya ule mlango wa zamani tulioutoa stoo ya ofisi ya mifugo tukaufanya ubao. Chaki mkononi. Juu ya ubao nimeandika safu zetu tatu, mikimbio, mapigo, makosa, na upande wa chini, kwa rangi, jina lako na hesabu yako tangu nianze kuandika: mapigo tisini na tisa. Mji mzima unaijua hiyo namba. Muuza miraa alikuwa ananiuliza kila asubuhi, "Daktari, kijana amefikisha?"

Ukapiga. Mpira ukaenda chini, mkali, moja kwa moja kwa Hassan, siku hiyo wa timu pinzani, anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu, vile vituo vya kukimbilia, pale mipira mikali inapopenda kwenda. Hassan akajipanga vizuri, magoti chini, glavu wazi. Kisha mpira ukagonga jiwe, au ukingo wa alama ya kwato iliyokauka kwenye udongo, ukaruka ukampiga kifuani. Ulipofika besi ya kwanza yeye bado alikuwa anautafuta miguuni.

Hapo kazi ni yangu. Katika mchezo wenu kuna mtu anayekaa pembeni na kuamua. Kama mpira ulikuwa haushikiki, mpigaji anaandikiwa pigo. Kama ulishikika na mlinzi akauchezea, mlinzi anaandikiwa kosa, na mpigaji haandikiwi kitu ingawa amefika. Hakuna njia ya kati. Mmoja hupata kutoka kwa mwingine.

Niliuona ukiruka, Mwadime. Nataka hilo liwe hapa kwa mkono wangu. Niliuona kwa macho haya haya. Lakini kabla chaki haijagusa ubao nikasikia sauti nyuma yangu, ya mtu ambaye sikugeuka kumtazama, ikisema kwa kicheko, "Daktari atampa tu mtoto wake." Masikio yangu yakapata moto. Nikaandika kosa. Nikaliandika kubwa, kwenye safu ya Hassan, ambayo msimu mzima ilikuwa na sifuri. Watu wakaguna. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajisikia mtu mwadilifu. Nilinyoosha mgongo kabisa.

Jioni ukanijia hapa jikoni. Ukasema, "Baba, ule mpira wa Hassan. Uangalie tena." Hukusema "pigo langu." Ulisema "mpira wa Hassan," na mimi niliyejigamba miaka yote kwamba nina masikio, sikusikia. Nilichosikia ni mia. Nikacheka, nikakurushia lile neno letu la utani: "Ngabi, Mwadime? Ngabi? Mia ya kuombwa si mia." Ukafungua mdomo, nikakukata kwa methali, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nikaondoka nikiwa nimeridhika na methali yangu. Tangu hapo ni sawa, baba.

Neno hilo la utani sasa linanichoma, kwa sababu unajua lilikotoka.

Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeshuka kutoka Taita na barua ya kazi, nikapelekwa Habaswein kuchanja mifugo. Nikamkuta mzee mmoja na ngamia wake kisimani. Mimi, msomi, nikamsalimia, kisha nikamuuliza una ngamia wangapi. Akasema wapo, alhamdulillahi. Nikadhani hajaelewa Kiswahili. Nikainua kidole nikaanza kuwahesabu mmoja mmoja, kwa sauti, mbele yake, mbele ya wanawe, mbele ya wake zake. Dereva wetu alikuwa ananikonyeza mpaka uso ukamchoka. Sikujua kwamba mali ya mtu haihesabiwi kwa kidole. Ni kuita jicho la hasidi liipate. Usiku ule mzee akahamisha kundi lote bila chanjo, na ilinichukua wiki nzima ya kuzunguka na gari kumpata. Nilipompata nikaomba radhi. Akanitazama kama mtu anavyotazama kupe, akasema, ngapi ikigeuka ngabi mdomoni mwake, "Wewe najua ngabi. Mimi najua nani."

Nimewasimulia wageni kisa hicho mara nyingi, nikiiga sauti yake, nikifanya kama vile alinipa hekima. Hakunipa hekima yoyote. Alikuwa ananitukana. Alikuwa na hasira, ngamia wake walikuwa na kiu kwa sababu yangu, na alitaka niondoke. Lakini tusi lile lilikuwa la kweli, na nyumbani kwetu tuliligeuza mchezo. Ukiwa mdogo ukihesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya dada yako, mama yako alikuwa anakuambia ngabi. Nikizidisha kuangalia saa, unaniambia ngabi, baba. Jumamosi wewe ulikuja kwangu na nani, mimi nikakujibu kwa ngabi.

Na si kwamba hukunifunza. Umeme ukikatika tulikuwa tunalala uani sote, na wewe na ile simu yako yenye kioo kilichopasuka ukinisimulia Wamarekani na hesabu zao. Mwanzoni nilidhani ni kamari. Baadaye nikawa nakusubiri uanze. Ulisema zamani mtu akifikisha mapigo elfu tatu katika maisha yake ya mchezo, hakuna aliyeuliza swali la pili. Jina lake lilikuwa limeshafika kwenye jumba lao la heshima kabla yake. Siku hizi wanauliza alipewa nafasi ngapi, aliharibu ngapi, alikuwa na subira ya kuacha mipira mibaya ipite au alikuwa mtu wa pupa. Kisha ukanieleza wale wa kupeleka mpira nje kabisa ya uwanja, homurani mia tano. Hiyo nayo ilikuwa kama kutawazwa, mpaka ikajulikana kwamba baadhi yao walikuwa wanajidunga dawa za kuvimbisha misuli. Namba zao hazikufutwa. Zipo. Ila watu wakizifikia wanageuza macho.

Halafu warushaji. Kushinda michezo mia tatu. Nikakuuliza sasa hivi ni nani yuko njiani, ukasema pengine hatafika mtu tena. Nikasema wamelegea. Ukakasirika, ukaketi juu ya mkeka gizani. Ukasema hawajalegea, wanarusha kwa kasi kuliko babu zao, ila kocha anamtoa mtu mapema kumhifadhi bega, na ushindi anaandikiwa mwingine. "Baba, namba ni ile ile. Kinachobadilika ni swali." Nikakuambia ulale.

Usiku mwingine ukanieleza habari ya ligi za watu weusi, wale waliofungiwa nje wakacheza peke yao, miaka na miaka, na hesabu zao zikawa hazihesabiwi. Ukasema sasa vitabu vimefunguliwa na namba zao zimeingizwa pamoja na za wengine, na mtu aliyekufa zamani amepanda juu ya orodha akiwa kaburini. Kisha ukasema, polepole, kwamba hata hivyo michezo yao mingi haikuandikwa na mtu yeyote, kwa hiyo hakuna atakayejua walichopiga. Nikaingia ndani nikajifanya natafuta maji. Nilikuwa nawafikiria ninyi hapa, misimu ile ya mwanzo, yule mwalimu kijana alipowaachia mfuko wa glavu akahamishwa, mkawa mnacheza tu vumbini na hakuna mzee aliyeona haja ya kuandika. Ulipiga mipira mingapi siku zile? Hassan alishika mingapi? Haipo popote. Kwa hiyo hata hiyo tisini na tisa niliyoilinda kama mlinzi wa benki haikuwa ya kweli tangu mwanzo. Ilikuwa tu sehemu yako iliyonikuta nimekaa.

Nilijua yote hayo. Sasa kwa nini nikawa mkali kiasi kile?

Kuna cheti sebuleni, juu ya mlango. Ulipokuwa darasa la tatu ulimleta rafiki yako ukamwonyesha, ukamwambia babangu amechanja mifugo laki moja. Mama yako alikuwa ameshonesha pazia jipya ili kisionekane maskini. Sijawahi kukuambia laki moja ile ilivyopatikana. Tulikuwa tunahesabu vichupa. Kichupa kikifunguliwa, dozi zake zote zinaandikwa kwamba zimetumika. Jua la Wajir likiua dawa, barafu ikiyeyuka njiani, mbuzi wakikimbia nusu ya boma, hesabu ilikuwa ile ile. Kila mtu alihesabu hivyo. Hakuna aliyetuambia tudanganye, na hakuna aliyeuliza. Kulikuwa na mbuzi halisi katika laki ile, wengi, niliwashika kwa mikono yangu na pembe zao zimeniachia alama. Lakini wangapi, sijui. Nimepita chini ya cheti kile kila siku nikienda kazini, na kila siku nimeinamisha kichwa kidogo, na ninyi mlidhani ni urefu.

Hasa baada ya kusikia habari ya wale wa dawa, nikaapa moyoni kwamba mia yako haitakuwa kama laki yangu. Haitakuwa na doa. Mtu asije akasema huko mbele kwamba babake ndiye alikuwa anaandika. Unaona nilivyokuwa najipanga? Nilikuwa nasafisha jina langu kwa chaki, na nilitumia mgongo wako kuandikia. Na mgongo wa mtoto wa watu.

Leo baada ya alasiri Hassan alikuja. Wewe ulikuwa umeenda kunyolewa. Alikuja na kopo la nyirinyiri ambalo mama yake amekutengenezea kwa ajili ya safari, ile nyama ya ngamia iliyokaushwa ikafunikwa na samli, akasema haiozi hata ukifika mwisho wa dunia. Nikamkaribisha ndani, akasema hapana, yuko sawa hapo mlangoni.

"Shikamoo, Daktari," akasema.

Wewe unajua Hassan ananiita nani. Tangu hajaota jino la mbele ananiita adeer, ndugu wa baba. Amelala nyumba hii, amekula hapa, nimemchapa hapa pamoja na wewe siku ile mliyoiba gari la punda. Hajawahi kuniita Daktari. Hilo ni jina la watu wa nje. Nikabaki nimeshika kopo.

Nikamwambia, "Hassan, ule mpira."

"Hapana, mimi sijakuja kwa hiyo kosa," akasema. "Mimi nimeleta nyama."

"Uliruka, au haukuruka?"

Akatazama viatu vyake. "Wewe ndiye ulikuwa unaona, Daktari. Ukisema ni kosa yangu, ni kosa yangu." Kisha, kwa sababu yeye si mtu wa kuweka kitu moyoni, akaendelea. "Mwadime ndiye alisema atakuomba. Mimi nilimwambia wachana na mzee, wallahi, wachana naye. Akasema hapana, kocha anatafuta mtu mmoja wa kulinda pale kati, na ataangalia karatasi tu, hajawahi kutuona. Akasema mtu mwenye sifuri ataitwa, mwenye moja haijulikani. Nikamwambia basi mzee atafikiri unataka mia. Akasema hata mzee aniandikie sifuri maisha yangu yote, bora akutolee hiyo kosa."

Nilimuuliza kama alikuambia hivyo kabla ya wewe kuja kwangu au baada. Akasema kabla. Yaani ulijua nitadhani nini, na ulikuja hivyo hivyo. Nami nikadhani hasa kile mlichokubaliana kwamba nitadhani. Ninyi wawili mnanijua kuliko ninavyojijua, na hilo peke yake linatosha kumwondolea mtu usingizi.

Hassan alipoondoka sikukaa. Nilivaa viatu bila soksi nikaenda uwanjani. Mbuzi walikuwa wamelala katikati, pale anaposimama mrushaji. Nikaenda mpaka alipokuwa amesimama Hassan, nikainama kama mwendawazimu nikipapasa ardhi kwa viganja. Sikupata jiwe. Kuna alama za kwato kila mahali, ngumu kama matofali, yoyote kati ya hizo ingetosha. Mzee wa duka la pembeni akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia funguo.

Kisha nikaenda kwenye mlango. Nilikuwa na leso ya mama yako mfukoni, nikailowesha kwa mate kwa sababu sikuwa na maji, nikafuta kosa la Hassan. Chaki ilikuwa imekomaa kwa jua, ikachukua muda, na bado ukitazama kwa ubavu unaiona. Nikaandika sifuri. Na ukifuta kosa huwezi kuacha mpira unaning'inia hewani, nilikuambia, hakuna njia ya kati. Lazima mtu aandikiwe pigo. Ndiyo maana kwenye karatasi ya msimu utakuta mia. Usinishukuru, na usije ukadhani ni zawadi ya kukuaga. Haikutoka kwangu. Imekuja ikimfuata Hassan.

Huko unakokwenda, hata katika hiyo timu ya chini kabisa inayokulipa nauli na chakula, watakupima kuliko ngamia wa mnada. Wewe mwenyewe ulinionyesha kwenye simu: kasi ya rungu, pembe ya mpira ukipaa, hatua zako za kwanza. Wana mashine kwa kila kitu. Wakubalie wakuhesabu, ni haki yao, ndiyo kazi. Mimi kinachonitisha si namba ndogo. Ukirudi na namba ndogo mama yako atapika vilevile. Kinachonitisha ni siku utakapokuwa mtu mkubwa, una chaki mkononi, na sauti nyuma yako inacheka. Siku hiyo hutakuwa na muda wa kukumbuka barua. Utafanya tu kile ulichozoea kufanya. Na kwa nilichokisikia leo, wewe umezoea vizuri kuliko mimi. Sijui ulijifunzia wapi. Si kwangu, labda kwa mama yako, au kwa Hassan, au kule vumbini kabla sijaleta mlango wangu.

Ile sauti iliyocheka, nimejaribu usiku kucha kukumbuka ni ya nani. Sijui hata kama mtu huyo alinikusudia ubaya. Pengine alikuwa anafurahi nawe tu. Niliharibu jina la mtoto niliyemlea kwa sababu ya mtu ambaye sikugeuka kumtazama.

Baba, nimekukosea. Nilitaka kuliandika hilo juu kabisa ya barua nikazunguka kama nilivyozunguka tangi. Nimekukosea kwa kosa nililoandika, na nimekukosea zaidi kwa kukufunga mdomo ulipokuja na jambo zuri kuliko yote uliyowahi kuniletea. Hapo sikuwa mwadilifu. Nilikuwa mwoga.

Muadhini wa kwanza ameshaanza kukohoa kwenye kipaza sauti. Saa ya basi haiko mbali. Hassan atakuja stendi, ameniambia. Ukimwona, mpe yeye ile karatasi ya msimu aifungue kwanza, kabla yako, kabla ya mimi kufika na begi. Mimi nitasimama kando. Akiniita Daktari ni haki yake, nitaitika.

Lakini wewe nakuomba kitu kimoja, na sijui kama nina haki nacho. Daraja la Tana liko karibu, na mkishashuka pale kuonyesha vitambulisho mkapanda tena, umeshakwenda. Kabla ya hapo, nikikuuliza lolote, hata nikikuuliza upumbavu, hata nikikuuliza kama umeshakula, usiniambie sawa, baba. Nibishie.

Babako